Mwendo wa Mzee Ndekirwa

Goti la arobaini na moja lilikuwa la Ndeshi, binti wa miaka ishirini na miwili, mbebaji wa zamu ya pili kwenye Nyavu za Juu, na liliuma palepale yalipouma yale arobaini yaliyolitangulia.

Daktari Apaikunda alibonyeza kwa kidole gumba ukingo wa ndani wa pia ya goti la kulia, chini kidogo ya katikati. Ndeshi nusura aruke kutoka kitandani.

"Hapo! Hapohapo, Dokta. Umejuaje na sijakuonyesha?"

Kunda, kama alivyoitwa na wote pale zahanati, aliweka alama kwenye karatasi yake. Angekosaje kujua, na mkono wake ulishazoea kwenda pale wenyewe kama mkono wa mpishi kwenye kopo la chumvi?

"Linauma ukipanda?"

"Kupanda mimi napanda huku naimba. Balaa ni kushuka. Nikianza tu kushuka ni kama mtu ameweka kokoto humo ndani, anaisaga taratibu."

"Na ukikaa muda mrefu?"

"Kanisani, Dokta. Mahubiri yakipita nusu saa namwombea mchungaji apaliwe, tuinuke."

Wakacheka wote wawili, ila kicheko cha daktari kilikatika mapema. Msichana huyu alikuwa na mapaja ya chuma na mapafu ya swala. Kwa umri wake angepaswa kuteremka mlima mbio kwa ubishi na wenzake. Badala yake picha ya goti lake, iliyokuwa inang'aa ukutani, ilionyesha gegedu iliyolika upande mmoja tu, kama soli ya kiatu cha mtu anayetembea kwa upande.

Kunda alikuwa ameshafuta sababu moja baada ya nyingine. Damu zao zilikuwa safi, kwa hiyo haikuwa baridi yabisi wala kifua kikuu cha mifupa. Hawakuanguka. Uzito? Wanene waliumwa na wembamba waliumwa, na mzigo mzito huonea magoti yote mawili, hauchagui. Mikanda ya miguu ya chuma wanayovaa kazini? Mkanda mbovu ungemuumiza huyu hapa na yule pale. Hapa lilikuwa goti la kulia, kwa watu arobaini na mmoja, hata wale wenye kutumia mkono wa kushoto. Ugonjwa gani una nidhamu ya namna hiyo?

"Hebu tembea," alisema. "Nenda mpaka mwisho wa ukumbi, urudi. Bila miguu ya chuma."

Miguu ya chuma ya Ndeshi ilikuwa imesimama kwenye kona, mitupu, kuanzia kiuno hadi kisigino, imekunja magoti kidogo kana kwamba inasubiri kuitwa. Bila hiyo hakuna ambaye angefikisha wavu wa kilo sitini kule juu. Theluji ya mlima ilikuwa imekwisha kabla Kunda hajazaliwa, na vijito vikaifuata. Maji yote ya tambarare sasa yalikamuliwa kutoka kwenye ukungu, kwa nyavu zilizotandazwa juu kabisa, mahali ambapo upepo ulivunja kila chombo kilichojaribu kuruka. Nyavu zilichanika kila wiki, na kila wiki vijana mia sita walizibeba mgongoni, wapeleke nzima na warudishe mbovu.

Ndeshi akatembea. Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya mbao.

Kunda alikuwa ameinama akiandika, na kalamu ikamganda mkononi. Hakuwa anamtazama Ndeshi. Alikuwa anamsikiliza. Mguu wa kushoto uliwahi, wa kulia ukachelewa kidogo, ukagusa sakafu kwa ncha ya nje kabla ya kutua wote. Ko, ta-ko. Ko, ta-ko.

Ghafla alirudi kuwa mtoto wa miaka sita, amekaa kizingitini pa nyumba kwenye kihamba chao, shamba la ukoo, anasikiliza njia ya migombani. Majirani wote walipita njia ile, na hakuna hata mmoja aliyemfanya ainuke. Kisha ikaja ile ko, ta-ko, naye akatoka mbio akipiga kelele kwamba baba amerudi kutoka mlimani. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba baba yake anachechemea. Alidhani akina baba ndivyo wanavyotembea.

"Dokta?" Ndeshi alikuwa amesimama mbele yake. "Ni kansa?"

"Siyo kansa, mdogo wangu. Vaa viatu vyako."

Alisubiri mpaka mlango ufungwe, ndipo akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa.

* * *

Bwana Lyatuu, msimamizi wa Shirika la Nyavu, alikuja mwenyewe zahanati siku ya Jumanne, amebeba barua ambayo angeweza kabisa kuituma. Alikuwa mtu mpole, jambo lililofanya iwe vigumu kumchukia.

"Alhamisi Baraza la Afya ya Kazi linakaa kwenye geti la mlima," alisema. "Vijana wako arobaini na mmoja tunawarudisha makwao. Wamefunga mikanda hovyo, tumewaonya, hawasikii. Asiyesikia la mkuu, Dokta, huvunjika guu."

"Bila matibabu?"

"Sheria inasema Shirika linatibu madhara ya chombo. Uzembe haliutibu."

"Siyo uzembe. Ni mwendo."

Lyatuu alikaa. Kila mtu pale alijua habari ya mwendo. Miguu ya chuma haikuja na akili yake. Ilibidi ifundishwe kutembea na mtu. Miaka tisa nyuma wapagazi kumi na mmoja, wazee wa mlima, walifungwa vinasa mwendo mwili mzima kwa siku arobaini ili mashine ijifunze hatua zao. Ukachaguliwa mwendo mmoja tu, wa mtu aliyebeba mizigo miaka thelathini na minne bila kuanguka hata mara moja. Kila jozi ya miguu ya chuma ilitembea kwa mwendo huo, na jina la mwenyewe lilichongwa kwenye jiwe la geti: Ndekirwa Mshiu.

"Mwendo wa baba yako," alisema Lyatuu taratibu.

"Wa baba yangu."

"Unajua kabla ya mwendo ule tulitumia upi? Ulitoka nje, wa watu wanaotembea kwenye lami. Msimu mmoja wa mvua tulizika vijana kumi na tisa. Mmoja alikuwa mtoto wa dada yangu, nilimchimbia mimi. Tangu tumtie baba yako ndani ya chuma kile, hajafa hata mmoja. Hata mmoja, Dokta! Sasa unataka niuzime kwa sababu magoti yanauma?"

"Hayaumi tu. Wakifika miaka thelathini hawataweza kuchuchumaa. Na nyuma ya hao arobaini na mmoja wako mia tano na ushee ambao bado hawajaanza kulalamika."

"Hati ya mwendo inasema mzee alikuwa mzima. Alipimwa."

"Alipimwa na mashine iliyouliza anatembeaje. Haikuuliza kwa nini."

Lyatuu akaiweka barua mezani. "Basi thibitisha. Unajua kanuni. Nyayo ishirini mfululizo, za kushuka, akiwa na mzigo, mbele ya Baraza. Zikilingana na za vijana wako, nitazima miguu yote siku hiyohiyo, na wote tutawatibu. Goti lake lenyewe halitoshi, goti la mzee wa miaka sabini na moja limelika kama la mzee yeyote." Aliinuka, akachukua kofia yake. "Lakini utamfikisha getini baba yako, umwambie mbele ya watu kwamba ameharibu watoto wao. Mimi nisingeweza."

* * *

Kwenye mpaka wa kihamba cha Mshiu yalikuwepo masale, mimea ya majani marefu, yaliyopandwa na babu wa babu. Kunda alisimama pale mchana wa Jumatano, akachuma jani moja, akalifunga fundo.

Mzee Ndekirwa alikuwa anamkatia ng'ombe majani ya migomba. Aliliona lile jani kabla ya kuiona sura ya bintiye, na panga likashuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mae," alimwita kama tangu utotoni. "Mbona unanijia na isale?"

"Lipokee kwanza."

"Jani hilo anapelekewa mtu aliyekosewa. Na akishapelekewa hawezi kukataa kusamehe, hata kama ameuliwa ndugu. Nani amenikosea?"

"Mimi. Bado sijakukosea. Nitakukosea kesho."

Mzee akalipokea, kwa sababu Mchaga gani angelikataa? Wakakaa kwenye gogo. Kunda akamweleza yote, kuanzia kokoto ya Ndeshi mpaka mlio wa sakafu ya mbao. Hakumficha hata idadi. Alipomaliza, mzee alikuwa amekunja jani lile na kulikunjua mpaka limelegea.

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita," alisema hatimaye. "Tunashuka na mvua, mimi nimebeba mtungi wa gesi. Nikateleza, goti likapiga mwamba. Sikuanguka, maana mtungi ningemwangushia nani? Usiku kucha likavimba kama papai. Asubuhi getini kiongozi wa wapagazi anatuambia turuke mara tatu. Anayechechemea anarudi nyumbani, na mwenzake anachukua mzigo wake, na safari inayofuata hawamkumbuki. Mama yako ana mimba ya kaka yako. Nikaruka."

"Ukaruka na goti limevimba?"

"Nikaruka nikicheka. Ndipo nikajifunza kuficha mguu. Unauwahisha wa kushoto, unaulaza wa kulia kwa nje, mzigo unaupeleka nyongani. Ukifanya mwaka mmoja unasahau kwamba unafanya. Na kwa kuwa nililiogopa goti lile, nilikanyaga kila jiwe kwa adabu. Wenzangu wenye magoti mazima walikanyaga kwa kiburi, wakaanguka. Watu wakasema Ndekirwa ana mguu wa paka." Alicheka kidogo, bila furaha. "Kumbe paka mwenyewe kilema."

"Na walipokuja kuchukua mwendo? Kwa nini hukuwaambia, baba? Hawakuwa wanakuajiri. Walikuwa wanauliza tu."

"Walisimama wapi kuniuliza?"

Kunda hakuelewa.

"Walisimama getini, mae. Na karatasi mkononi. Mpagazi akimwona mtu na karatasi getini, goti lake linapona."

Hapo Kunda alishindwa kumkasirikia, ingawa alikuwa amekuja na hasira ya kutosha. Alipiga magoti mbele yake kwenye majani, akakunja suruali ya baba yake, akatembeza kioo cha kupimia juu ya goti la kulia. Gegedu haikuwepo kabisa. Lakini katikati ya pia ya goti aliona kitu kingine, ufa mwembamba wa zamani uliokuwa umeshikiliwa na mazoea tu. Mzigo, ngazi za kushuka, na ufa ule. Angekuwa mgonjwa mwingine yeyote angemkataza hata kupanda kitandani bila kushikwa.

"Unaonaje?" mzee aliuliza.

"Limezeeka. Kesho litauma."

"Kuuma nimezoea."

Alikuwa na neno jingine la kumwambia, nalo ni kwamba litapasuka. Alilishika mdomoni wakati akishusha suruali ya baba yake na kuipangusa majani, akalishika wakati akiaga, akaondoka nalo. Hakuogopa kwamba baba angekataa. Aliogopa kwamba angekubali, na yeye angekuwa amemwomba kwa kinywa chake. Wanasema mficha ugonjwa kifo humuumbua, na kwa ukoo wa Mshiu, naona, kuficha kulikuwa urithi.

* * *

Geti lilikuwa na ngazi thelathini za mawe, zimelowa ukungu. Watu watatu wa Baraza walikaa chini yake kwenye viti vya plastiki, mashine ya kusoma nyayo mbele yao. Kwenye kioo chake mstari mwekundu ulionyesha mwendo wa vijana arobaini na mmoja, uliochukuliwa bila miguu ya chuma, wote umelaliana ukawa mstari mmoja. Vijana wenyewe walisimama pembeni. Wengi wao walikuwa wamekua wakipita kwenye jiwe lile na kuligusa jina la mzee kwa bahati njema kabla ya kupanda.

Mzee Ndekirwa alitokea juu ya ngazi na kikapu cha kilo ishirini mgongoni. Alikuwa amevaa koti lake la zamani la upagazi. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata.

Akashuka. Alishuka kama mtu aliyetumwa na mfalme, kichwa juu, hatua kwa hatua, kushoto na kulia sawa kama saa ya ukutani. Kwenye kioo mstari wake wa kijani ulikwenda zake mbali na ule mwekundu. Makofi yakaongezeka. Hata Ndeshi alipiga makofi, maskini, hakujua anapigia nini.

"Mtu mzima," alisema mwenyekiti wa Baraza, mama mmoja mwenye miwani. "Ana magoti mazima kuliko mimi."

Kunda alipanda ngazi kumfuata baba yake, aliyekuwa amesharudi juu anahema. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Baba. Umeruka mara tatu."

Mzee aliutazama umati, akawatazama watu wenye karatasi. "Sikukusudia," alisema kwa sauti ndogo. "Mae, naapa sikukusudia. Nimewaona tu pale chini, na mguu ukanyooka wenyewe. Nifanyeje?"

Alikuwa na aibu ya kweli. Alikuja kusema ukweli na mwili wake ukasema uongo kwa niaba yake, kama ulivyozoea miaka arobaini na mitano. Kunda alijua dawa yake, na aliichukia. Mguu wa kufichwa hufichwa na akili. Ukiipeleka akili kwingine, mguu hubaki peke yake.

"Shuka tena," alisema. "Safari hii nisimulie. Kwa sauti, mimi nitakuwa kando yako."

"Nikusimulie nini?"

"Siku mama alipofariki."

Mzee alimgeukia. Siku ile haikuwahi kusimuliwa. Alikuwa kambi ya juu, Kunda ana miaka saba, na kila mtu kijijini alijua tu kwamba Ndekirwa aliteremka kwa siku moja njia ya siku mbili na akakuta wameshafunga jeneza.

"Hiyo usiniombe," alisema.

"Nimeshakupa isale, baba."

Hakuna aliyesikia isipokuwa wao wawili. Mzee akakaza mkanda wa kikapu, akashusha mguu.

"Redio iliita saa kumi na mbili asubuhi," alianza. "Nilikuwa nachemsha maji ya wageni. Yule kijana akaniambia, Ndekirwa, kaa chini. Nikamwambia maji yatamwagika."

Unyayo wa tatu, wa nne. Mstari wa kijani ulikuwa bado umenyooka.

"Nikaacha kila kitu. Sikubeba hata koti. Nikawaza, nikifika haraka watakuwa wamekosea. Watu hukosea kwenye redio..."

Unyayo wa sita, mguu wa kulia ukachelewa. Ta-ko. Kwenye kioo mstari wa kijani ulitetemeka, ukainama, ukaenda kulalia ule mwekundu na ukatulia pale. Vijana wakasogea mbele. Hawakuhitaji kioo. Walikuwa wanajiona wenyewe.

"Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, tulikuwa tunaimba hivyo na wenzangu. Siku ile nilishuka ngoma yote peke yangu. Nilipofika kwenye migomba nikasikia wewe unalia, mae. Ulikuwa umekaa kizingitini. Ukaacha kulia uliponisikia, ukaja mbio, ukasema baba amerudi, mama ataamka..."

Miguu haikusimama. Mashine ilihesabu nyayo zilizolala tu, kwa sauti ya upole: nane, tisa. Kunda alikuwa ameshaona alichotaka. Kila mtu alikuwa ameona. Kwenye hatua ya kumi na tano, ambayo kwa hesabu ilikuwa unyayo wa kumi tangu mstari ulale, alisikia ule mlio mdogo ndani ya goti, mlio wa kijiti kikavu kinachojaribu kama kitavunjika. Alisikia kwa sababu alikuwa daktari na alikuwa anausubiri.

Angeweza kusema basi. Neno lenyewe ni fupi. Lakini kanuni ilitaka nyayo ishirini zilizolala, na kumi zilikuwa zimebaki, na baba asingeweza kusimulia siku ile mara ya pili. Alimtazama Ndeshi kule chini, amejishika goti lake bila kujua. Kunda akafunga mdomo.

Kumi na mbili. Kumi na tano. Mzee hakuwa anasimulia tena, alikuwa anahema. Kumi na nane.

Kwenye ya kumi na tisa goti lilipasuka. Sauti yake ilifika mpaka kwenye viti vya plastiki. Mzee alishika ukuta, na kikapu kikamwegemea upande, lakini hakuanguka. Hakuwahi kuanguka mlimani, na hakuanguka siku hiyo. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga wa ndizi.

"Imefika ngapi?" aliuliza.

"Baba, basi! Kaa chini!"

"Nimeuliza imefika ngapi."

"Kumi na tisa," alisema mama mwenye miwani, akiwa amesimama, mkono mdomoni.

Mzee Ndekirwa akauwahisha mguu wa kushoto, akaulaza wa kulia kwa nje, akashuka.

"Ishirini," ilisema mashine.

* * *

Bwana Lyatuu alitimiza neno lake. Kabla hata ya kuletwa machela alitoa amri, na mlima mzima miguu ya chuma ikazimwa ilipokuwa, jozi mia sita zikasimama zimekunja magoti. Kisha akaja kando ya Kunda, macho mekundu.

"Kesho kuna nyavu za kupeleka," alisema. "Nani atazipeleka, na kwa mwendo wa nani, sijui. Watu wa tambarare wana maji ya siku nane tu, na wakifa vijana wengine kumi na tisa utakuja kuwazika na mimi?"

"Nitakuja," alisema Kunda.

Akachukua karatasi ya uchunguzi. Kwenye nafasi iliyoandikwa *chanzo cha maradhi* aliandika: mwendo wa mtu aliyeumia na hakuulizwa. Chini yake, kwenye nafasi ya majeraha yaliyotokea wakati wa uchunguzi, aliandika jina la baba yake, na kwenye nafasi ya aliyesababisha akaandika lake. Kisha akamfunga baba yake ubao kwenye mguu.

"Uliuona ufa jana," mzee alisema. Halikuwa swali.

"Niliuona."

"Ungeniambia tu, mae. Ningekuja."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Mzee akafumba macho. Mkono wake ulikuwa mfukoni mwa koti, umeshika kitu.

Gari la wagonjwa lilikuwa chini kwenye barabara, nusu saa kwa miguu. Ndeshi na wenzake watatu walijitokeza bila kuitwa, wakashika machela, wawili mbele na wawili nyuma. Hakuna aliyekuwa na chuma mwilini. Walikuwa na miguu yao tu, ile waliyozaliwa nayo.

Wakaanza kushuka. Machela ikainuka kidogo, ikachelewa, ikainama upande wa kulia. Ikainuka, ikachelewa, ikainama. Watu wanne, bila kuhesabu, bila mmoja kumtazama mwenzake, walikuwa wanakanyaga kama mtu mmoja. Ko, ta-ko. Kunda aliyekuwa nyuma yao alitaka kuziba masikio.

Mzee Ndekirwa alifumbua macho. Alisikiliza hatua kama kumi hivi, amelala juu ya mwendo wake mwenyewe, na machozi yakaanza kumtoka yakielekea masikioni. Akatoa mkono mfukoni. Alikuwa na lile jani la isale la jana, lenye fundo, limenyauka sasa, akalinyoosha kwa Ndeshi aliyekuwa karibu na kichwa chake.

"Mjukuu wangu," alisema. "Lipokee."

Ndeshi aliliona, na alijua ni nini. Wote wanne walijua. Lakini mikono yao yote ilikuwa imeshika machela, njia ilikuwa imelowa, na hakuna aliyeweza kuiachia hata kidogo. Wakaendelea kushuka, mkono wa mzee umenyooka hewani na jani lake, mpaka ukachoka.